Nauli ya bei chee Bukoba itatoka mfukoni mwa nani?

Ikifika Novemba, senene wakianza kuanguka na watu wa kwetu walioko Dar es Salaam wakianza kuhesabu siku za Krismasi, swali ninaloulizwa dirishani huwa ni moja: Bukoba nayo itapata lini ndege ya bei chee? Ananiuliza mnunuzi wa kahawa wa Kamachumu. Ananiuliza mwalimu wa Nshamba. Ananiuliza kijana wa Muleba anayemtafutia mama yake tiketi ya kwenda kliniki ya saratani ya Ocean Road, na huyo ndiye ninayeshindwa kumtazama usoni ninapomtajia nauli.

Nauza tiketi za ndege mjini Bukoba tangu enzi za tiketi za karatasi zenye kaboni nyekundu. Nauli ikishuka, wateja wangu wanaongezeka, kwa hiyo sina sababu ya kuipigia debe nauli kubwa. Lakini nimeona ya kutosha kujua kwamba nauli haishuki yenyewe. Lazima kuwe na mahali ilipopunguzwa gharama. Na Bukoba, kwa jinsi uwanja wetu ulivyo na mvua yetu ilivyo, mahali pa kupunguza gharama ni pachache mno. Anayetuahidi nauli ndogo bila kusema fedha zitatoka wapi, atazitoa kwenye mshahara wa rubani, wa fundi na wa binti wa kaunta. Kisha deni hilo litarudi kwetu abiria, kwa njia ambayo haiandikwi kwenye tiketi.

Wengi wanaoniuliza wanakumbuka Fastjet. Ilianza safari zake tarehe 29 Novemba 2012, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, kwa ndege za Airbus A319, na nauli ya kuanzia ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na ada. Watu waliokuwa hawajawahi kufunga mkanda wa ndege walipanda. Nilikuwa na wateja kutoka Muleba waliokwenda kwa basi hadi Mwanza, wakavuka kivuko pale Busisi, ili tu wapande hiyo ndege ya bei nafuu. Walirudi wakisimulia kwa furaha, na sikuwalaumu hata kidogo. Mtu aliyekuwa anakaa kwenye basi siku nzima na usiku kucha kwenda kuzika, sasa alifika kwa saa moja na nusu. Hilo ni jambo kubwa. Yeyote anayezungumzia ndege za bei nafuu kama uchafu tu, hajawahi kukaa kwenye basi la Dar hadi Kagera akiwa na msiba.

Ila Fastjet haikufika Bukoba, na haikufika kwa sababu. Kampuni ya aina hiyo hupunguza nauli kwa hesabu inayojulikana. Ndege ni kubwa na za aina moja, ili marubani na mafundi wote wafundishwe ndege hiyo hiyo na vipuri viwe vya aina moja. Viti ni vingi na vimebanana. Ndege haikai chini: inashusha, inapakia, inaruka. Mzigo unalipiwa kando, chakula kinalipiwa kando. Kampuni ya Southwest ya Marekani, ambayo wengi waliiga kwake, ilianza kuruka mwaka 1971 ikijenga jina kwa Boeing 737 peke yake na kwa kugeuza ndege haraka. Na hapa kuna jambo ambalo watetezi wa nauli ndogo husahau kulitaja: marubani wa Southwest wana chama chenye nguvu, na Januari 2024 walipitisha mkataba uliowaongezea mshahara kwa karibu asilimia 50 katika muda wa miaka mitano. Nauli ndogo na rubani anayelipwa vizuri vinaweza kukaa nyumba moja, iwapo unafuu unatoka kwenye mashine na ratiba.

Sasa ilete hesabu hiyo Bukoba. Njia yetu ya kurukia haifiki kilometa mbili. Upande mmoja ni ziwa, upande mwingine ni vilima. Airbus ya Fastjet isingeweza kufanya biashara hapa. Tunahudumiwa na ndege za pangaboi: ATR ya viti arobaini na kitu au sabini hivi, na Q400 ya Air Tanzania yenye viti 76. Hata hizo, siku nyingine hazipakii mpaka mwisho, kwa sababu njia fupi iliyolowa maji inadai ndege nyepesi. Mzigo unaoachwa Mwanza, ambao abiria hudhani umeibwa au umesahauliwa, mara nyingi umeachwa kwa ajili hiyo. Gharama ya mafuta, ya fundi, ya ada za uwanja na ya marubani wawili inagawanywa kwa watu arobaini. Kwenye Airbus ingegawanywa kwa mia na hamsini.

Halafu kuna mvua. Pwani ya magharibi ya Ziwa Victoria hunyeshewa zaidi usiku wa manane na asubuhi, kwa sababu mawingu ya radi huumbika juu ya ziwa wakati wa usiku na kusukumwa na upepo kuja kwetu. Kila mtu aliyekulia Muhutwe au Kemondo anajua ngurumo za saa kumi na moja alfajiri. Shirika la bei nafuu hutaka ndege yake ya kwanza iruke mapema ili izunguke mara nyingi kabla ya jioni, na kwetu asubuhi ndiyo saa mbaya. Ndege ikichelewa Bukoba, imechelewa na kule inakotakiwa kwenda baadaye. Ndege ikizunguka angani dakika ishirini ikisubiri wingu lipite, faida ya safari nzima imekwisha. Hakuna ujanja wa ratiba unaoweza kuliondoa wingu hilo.

Kwa hiyo njia ya Bukoba siku zote ilibebwa na njia nyingine. Mashirika yalipata faida Dar–Mwanza, ambako abiria ni wengi, na kidogo ya faida hiyo ikaendelea mpaka kwetu. Fastjet ilipoingia Mwanza na shilingi 32,000 yake, ilikata mahali penye nyama. Precision Air, iliyoanzishwa mwaka 1993 na marehemu Michael Shirima na ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa sura ya usafiri wa anga Bukoba, ilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 30 kwa mwaka ulioishia Machi 2013. Sababu zilikuwa nyingi: madeni ya ndege, mafuta, Boeing za kukodi. Ushindani wa nauli ulikuja juu ya hayo yote. Sisi wa Bukoba hatukuwahi kupanda ndege ya Fastjet kutoka uwanjani kwetu, lakini vita yake ilitufikia. Safari zilipunguzwa, ratiba zikawa zinabadilika, nikawa napiga simu usiku kumwambia mtu wa Kagondo asiamke saa tisa kwa sababu ndege imesogezwa mpaka mchana.

Mwisho wa mwaka 2018 Fastjet nayo ikasimama, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikiitaka ilipe inachodaiwa. Nauli za Mwanza zikapanda tena. Tuliowahi kupanda kwa bei chee tulibaki na kumbukumbu, na mashirika yaliyobaki yalibaki na majeraha.

Majeraha hayo yako wapi? Ukiingia kwenye ndege huyaoni. Kiti ni kile kile, tabasamu la mhudumu ni lile lile. Mimi niliyaona nyumbani kwetu Muleba, kwa mtoto wa dada yangu.

Alitaka kuwa rubani tangu utoto. Familia iliuza shamba la miti na kiwanja, wajomba wakachanga, akaenda Afrika Kusini kusoma. Alirudi na leseni na saa za kuruka kama mia mbili, ambazo kwa mashirika ya ndege ni sawa na hakuna. Akazunguka kwenye mahanga akiomba kazi. Alianzia kwenye ndege ndogo za kupeleka watalii mbugani. Baadaye kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilikubali kumpa nafasi ya rubani msaidizi kwa sharti kwamba gharama ya kumfundisha aina ile ya ndege ikatwe kwenye mshahara wake, na atie saini kutoondoka kwa miaka kadhaa. Mshahara wa msingi ulikuwa mdogo. Kilichomfanya aishi ni posho ya saa za kuruka. Ndege ikilala kwa ubovu au kwa mvua, posho nayo inalala. Akiugua mafua na masikio yakaziba, anajiuliza mara mbili kabla ya kusema.

Nilipomsikiliza nilikumbuka butura. Wasomaji wa Kagera wanaijua: mkulima mwenye shida ya ada anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, na mavuno yakija si yake tena. Kijana huyu alikuwa ameuza miaka yake kabla haijaiva. Tofauti ni kwamba butura serikali imeipiga marufuku, na viongozi wetu huipigia kelele kila msimu. Ya marubani hakuna anayeisemea.

Siku moja, tukiwa tumekaa barazani, nilimuuliza kama anaiogopa mvua ya Bukoba. Akanijibu, "Mama mdogo, mvua siiogopi, tumefundishwa mvua. Naogopa kurudi Mwanza na abiria arobaini wenye hasira, halafu niitwe ofisini kueleza mafuta." Jibu hilo halijanitoka. Leo yuko Ghuba, kwenye ndege kubwa, analipwa vizuri. Kenya Airways imewahi kupoteza marubani wengi kwa mashirika hayo hayo ya Ghuba, na sisi tunapoteza wachache tulionao. Anayebaki kutua kwetu, kwenye njia fupi kati ya ziwa na vilima, mara nyingi ni yule ambaye bado anapanda ngazi, na ambaye kampuni yake inajua kwamba hana pa kwenda mpaka deni liishe.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walitoa ripoti juu ya ajira za marubani wa Ulaya. Walikuta kwamba zaidi ya mmoja kati ya sita hakuwa na ajira ya kawaida: alikuwa chini ya wakala, au ameandikishwa kama mtu aliyejiajiri mwenyewe, na miongoni mwa hao waliojiita wamejiajiri, saba kati ya kumi walirushia mashirika ya bei nafuu. Kwa vijana wa miaka 20 hadi 30, asilimia 40 hawakuwa wameajiriwa moja kwa moja na shirika ambalo ndege yake walikuwa wanairusha. Hebu fikiria hilo ukiwa umekaa kiti cha dirishani. Mtu aliyeshika roho yako hana mkataba na jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege.

Miaka miwili baadaye abiria wakaonja matokeo. Septemba 2017, Ryanair ya Ireland, shirika kubwa kuliko yote ya bei nafuu Ulaya, ilifuta maelfu ya safari kwa sababu ilivuruga ratiba ya likizo za marubani na ikajikuta haina watu wa kutosha wa kusubiri zamu. Mamia ya maelfu ya watu waliachwa. Kufikia Desemba mwaka huo, kampuni iliyokuwa imekataa vyama vya wafanyakazi kwa zaidi ya miaka 30 ikakubali kuvitambua. Ubora wa huduma ambao watu hudhani ni soda na karanga, kumbe unaanza kwenye orodha ya zamu: kuna rubani wa akiba au hakuna?

Na kuna mfano ambao huniuma zaidi, kwa kuwa ndege yake ni Q400, aina ile ile inayotua kwetu. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na jiji la Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Colgan ilikuwa kampuni ndogo iliyorusha njia ndogo kwa jina la shirika kubwa, katika biashara ambayo kandarasi hushindaniwa kwa kupunguza gharama. Wachunguzi waliona kosa kuu lilikuwa la rubani katika kuikabili ndege iliyopoteza mwendo. Lakini walipochimba zaidi, taifa lilijifunza kwamba rubani msaidizi, binti wa miaka 24, alikuwa analipwa chini ya dola 25,000 kwa mwaka, anaishi kwa wazazi wake upande wa pili wa nchi, na alikuwa amesafiri usiku kucha kwa kuomba nafasi kwenye ndege za watu ili afike kazini. Familia za marehemu hazikunyamaza. Bunge la Marekani lilibadili sheria mwaka 2010: sheria mpya za mapumziko zikatungwa, na kuanzia 2013 rubani msaidizi alitakiwa kuwa na saa 1,500 kwa kawaida. Mishahara ya marubani wa njia ndogo ikapanda sana miaka iliyofuata, kwa sababu hakukuwa tena na vijana wa kuwanunua kwa bei rahisi.

Sisi tuna tarehe yetu. Jumamosi ya tarehe 5 Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma. Chama chao, KALPA, kilitaka pamoja na mengine kampuni irudishe mchango wake katika mfuko wao wa akiba ya uzeeni, uliosimamishwa wakati wa Korona. Mjini Bukoba tuliisikia redioni, na maneno niliyoyasikia siku hiyo kwa watu yalikuwa makali: marubani wana tamaa, wanalipwa mamilioni na bado wanalia. Asubuhi yake, Jumapili ya tarehe 6, ndege ya Precision Air ATR 42 iliyotoka Dar ikaanguka ziwani mbele ya macho yetu, ikiwa na watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Walionusurika ni 24, na miongoni mwa waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi wetu na mitumbwi yao.

Sisemi mshahara wala nauli ndivyo vilivyoangusha ndege ile. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na anayehusisha vifo na hesabu za ofisini bila ushahidi anawakosea marehemu. Ninachosema ni kwamba wale wale waliowaita marubani watu wenye tamaa siku ya Jumamosi, Jumapili walisimama ufukweni wakijiuliza ilikuwaje rubani hakugeuza kwenda Mwanza. Tulikuwa tunamtaka rubani mwenye uwezo kamili wa kusema hapana, na siku moja kabla tulikuwa tunamkatalia kila kitu kinachompa mtu uwezo huo: mkataba wa kudumu, akiba ya uzeeni, chama cha kumtetea akiitwa ofisini. Mshahara wa kapteni wa ndege si malipo ya kushika usukani tu. Ndege za leo husaidia sana katika kushika usukani. Tunamlipa kwa ajili ya ile asubuhi moja ambayo kila mtu ndani ya ndege anataka itue, na yeye peke yake anatakiwa kusema haitui.

Watu wa Kagera hatukupaswa kufundishwa hilo mara mbili. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wengine wakiwa wamepandia Kemondo. Mamia walikufa. Hakuna ukoo wa pwani hii usio na jina la mtu mle. Kila aliyepanda siku ile alikuwa na sababu yake na tiketi yake ilikuwa ya bei aliyoimudu. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kutosha kusimama gatini na kusema chombo kimejaa, hakiondoki.

Narudi dirishani kwangu, maana ubora wa huduma una sura ndogo ndogo pia. Ndege ikiharibika Dar, safari inayofutwa kwanza huwa ni ya njia yenye abiria wachache, yaani yetu. Habari zikija, zinakuja kwa binti wa kaunta ambaye hana uwezo wa kukupa hoteli wala kukurudishia fedha. Nimeona mabinti hao wakitukanwa na watu wazima, wengine wakilia nyuma ya mlango. Wapo wanaoajiriwa kwa mikataba ya miezi michache kupitia kampuni za huduma za uwanjani, na hawajui kama mwezi ujao watakuwepo. Mtu wa namna hiyo atakufuatilia vipi begi lako la dawa lililobaki Mwanza? Nilipata kumhudumia mzee mmoja kutoka Muhutwe aliyekuwa anasubiri mwili wa mwanawe uje kuzikwa kibanjani. Ndege ilifutwa. Watu walikuwa wamekwisha kusanyika, ndizi zimemenywa, kaburi limechimbwa. Hakupewa maelezo yoyote na mtu yeyote mwenye cheo. Alikaa kwenye benchi langu hadi jioni, akaniambia, "Waitu, hata kama ni kuchelewa, si waseme." Nilimpigia simu kila mtu niliyemjua. Hapakuwa na aliyelipwa kujibu.

Hali inazidi kubana. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lenye urefu wa kilometa tatu, hakuna tena kusubiri kivuko. Mtu wa Muleba anaweza kuamka, akapita Biharamulo na Geita, akapandia ndege kubwa Mwanza kwa nauli ndogo kuliko ya kwetu. Nalifurahia daraja. Lakini kila abiria anayekwenda Mwanza ni kiti kitupu Bukoba, na kila kiti kitupu kinaongeza gharama kwa waliobaki: wagonjwa, wazee, wenye misiba. Shinikizo la kushusha nauli ya Bukoba litaongezeka, na shirika litakalolisikiliza litatafuta pa kukata.

Nimefanya hesabu rahisi juu ya karatasi. Abiria arobaini wakiongezewa shilingi 5,000 kila mmoja kwenye safari moja, ni shilingi 200,000. Gawanya kwa marubani wawili: laki moja kila mmoja kwa safari hiyo moja, na kwa mwezi rubani anaruka safari nyingi. Kwenye tiketi ya laki tatu na nusu, elfu tano hakuna anayeigundua. Mafuta peke yake hula robo hadi theluthi ya gharama za shirika la ndege. Kumbana rubani ili kumpunguzia abiria nauli ni kumpa abiria kitu kidogo sana na kumnyang'anya rubani kitu kikubwa.

Nauli ya Bukoba ishuke, ndiyo. Ishuke kwa ruzuku ya wazi. Marekani ilipoachia soko la ndege mwaka 1978, iliweka mara moja mfuko wa kulipia njia za miji midogo, na mfuko huo upo hadi leo. India ina mpango uitwao UDAN. Ndege ya kwanza ya mpango huo iliruka Aprili 2017 kutoka Shimla kwenda Delhi, na nakuomba msomaji uangalie: Shimla ni mji wa milimani wenye njia fupi ya kurukia, na ndege iliyotumika ni ATR 42. Nauli ya saa moja iliwekewa kikomo cha rupia 2,500 kwa sehemu ya viti, na pengo linalipwa kwa miaka mitatu kutoka mfuko unaochangiwa na tozo ya safari za njia kubwa. Hiyo ni Bukoba yao, na waliamua kuilipia kwa jina lake.

Kwetu tunailipia kwa siri. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilionyesha Air Tanzania kupata hasara ya shilingi bilioni 56.64 katika mwaka wa fedha 2022/23. Hasara hiyo inabebwa na mlipa kodi, pamoja na mkulima wa kahawa wa Kamachumu ambaye hajawahi kupanda ndege, na hakuna anayeweza kusema ni kiasi gani kati yake kilitumika kumhudumia abiria wa Bukoba na kiasi gani kilipotea njiani. Chukua ndege ya abiria sabini, kwenda na kurudi kila siku ya mwaka, na serikali ilipe shilingi 50,000 kwa kila kiti. Ni shilingi bilioni 2.6 hivi. Shirika lolote, la umma au binafsi, lishindanie fedha hizo, na mkataba uandikwe bayana: kikomo cha nauli kwa wakazi wa Kagera, viti vya dharura vya wagonjwa na misiba kwa nauli isiyopanda dakika ya mwisho, mtu mwenye mamlaka uwanjani siku safari inapofutwa, marubani wanaolipwa mshahara kamili hata ndege isiporuka, na marufuku ya kumkata rubani gharama za mafunzo. Pia kapteni aliyeghairi kutua Bukoba asidaiwe maelezo ya mafuta na mtu wa biashara. Maelezo yake yaende TCAA, yakasomwe na marubani wenzake.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Tuna wabunge wa Bukoba Mjini, Bukoba Vijijini, Muleba Kaskazini na Muleba Kusini, na wote hupanda ndege hizi hizi kwenda na kurudi. Naomba mmoja wao asimame, asiulize lini nauli itashuka, maana jibu la hapo huwa ni ahadi. Aiulize Wizara ya Uchukuzi: katika kila tiketi ya Bukoba inayouzwa leo, rubani analipwa shilingi ngapi, ana mkataba wa namna gani, na mwaka uliopita ni safari ngapi za Bukoba zilighairi kutua na kurudi Mwanza, na hao waliozirudisha waliambiwa nini walipofika?